Mnunuzi kalipa nusu halafu kaingia mitini: mwongozo kamili kwa aliyeuza kiwanja au nyumba Tanzania

Unauza kiwanja chako Chanika milioni 40, jamaa anatoa 15 siku ya kusaini, 25 iliyobaki mnaandikiana ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu inaisha anakwambia mzigo wake umekwama bandarini, wa nne ana msiba, wa tano simu inaita haipokelewi na WhatsApp tiki za bluu zinakuangalia tu. Wewe ile hela ulishaipangia, ada za watoto zimo humo, na kila ukipita kiwanjani unakuta kashusha tripu mbili za mchanga na mawe ya msingi.

Hapo watu wengi wanafanya moja kati ya mawili. Kuna anayempigia dalali anauza fasta kwa mtu mwingine, anajisemea si yeye ndo kavunja mkataba. Na kuna anayekaa kimya, moyoni anasema milioni 15 imeshaliwa na kiwanja bado changu, akija atanikuta. Nimekaa miaka kadhaa ofisi ya wakili nikichapa notisi za hizi kesi na nakuhakikishia hawa wote wawili ndo tunaokuja kuwaona wakiwa wameshtakiwa wao, yaani mtu aliyekosewa anageuka mdaiwa. Sababu ni moja: mnunuzi akichelewa kulipa mkataba haufi wenyewe. Unaendelea kuishi mpaka wewe uuvunje kwa utaratibu, na mpaka siku hiyo yeye bado ana haki ndani ya hicho kiwanja.

Haya ninayoandika ni ya Tanzania bara, Zanzibar wana sheria zao za ardhi.

Kabla ya kumpigia mtu simu, soma mkataba wako

Najua unao, lakini usome kama vile unamsomea adui. Angalia tarehe ya mwisho ya malipo imeandikwaje. "Atamalizia mwezi wa sita" na "atalipa kabla au ifikapo tarehe 30 Juni" ni vitu viwili tofauti ukifika mbele ya baraza la ardhi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 55 inatofautisha: kama mlikusudia kwamba muda ndo roho ya mkataba, akichelewa unaweza kuuvunja, na kama muda haukuwa roho ya mkataba akichelewa haki yako ni fidia ya ucheleweshaji tu, mkataba unabaki. Kama wako upo upande wa pili usikate tamaa, notisi inaweza kukusaidia, tutafika.

Halafu angalia wewe ulitakiwa kufanya nini. Hapa ndo wauzaji wengi wanapigwa. Ulisema utaleta kopi ya hati, je ulileta? Ulisema utalipa kodi ya ardhi iliyorundikana, ulilipa? Kuna jirani anadai mpaka? Mke au mume wako alisaini? Maana utetezi wa kwanza wa mnunuzi mdaiwa siku zote ni ule ule, "mimi hela nilikuwa nayo mheshimiwa, ila muuzaji hakunipa nyaraka". Kama kuna kitu upande wako hakijakaa sawa kifanye kwanza, wiki hii, ndo uanze kudai. Na kama ni shamba la kijijini na halmashauri ya kijiji haikupitisha hayo mauziano, usiende kichwa kichwa, mkataba wenyewe unaweza kuonekana haukuwa na nguvu na mkaishia kurudishiana tu.

Mkataba uwe wa maandishi na umesainiwa, kwa ardhi hilo ni sharti la Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Na kuna kitu kidogo kinaua kesi kubwa: ushuru wa stempu. Mkataba ambao haujalipiwa ushuru wa stempu ukipingwa haupokelewi kama ushahidi. Unaweza kulipa hata sasa pamoja na adhabu ya kuchelewa, nenda TRA ukalimalize kabla ya kesi badala ya kusubiri wakili wa upande wa pili asimame akupingie siku ya kutoa ushahidi. Mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi mzuri kwamba mliuziana ila haufanyi kazi ya stempu, watu wanachanganya sana hapa.

Amua unataka nini: hela, au kiwanja

Huwezi kupata vyote viwili. Ukidai milioni 25 iliyobaki maana yake unakubali kiwanja ni chake. Ukidai kiwanja maana yake unakubali kwamba hesabu ya hela yake lazima ifanyike. Barua inayosema "nilipe salio na pia nimechukua kiwanja changu" nimeshaiona, na wakili wa upande wa pili aliisoma huku anatabasamu.

Kwa hiyo njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuushikilia mkataba: unadai salio lote pamoja na fidia, na ikibidi unaiomba mahakama imwamuru atekeleze alichosaini. Hii inafaa kama jamaa ana uwezo, ana mshahara, ana nyumba nyingine, ana biashara inayoonekana, au kama bei mliyouziana ni nzuri na leo hupati mtu wa kuitoa. Ya pili ni kuuvunja, unarudisha kiwanja mkononi na kudai hasara uliyopata. Ya tatu ni kukaa chini na kuandikiana upya, nyongeza ya mkataba yenye ratiba mpya na tarehe kamili na sentensi inayosema akikosa hata awamu moja mkataba umevunjika. Hii ya tatu watu wanaidharau lakini kama mtu kakwama kweli ndo ya bei rahisi kuliko zote, ila iandikwe na isainiwe na mashahidi, sio mmekubaliana kwenye simu.

Ile milioni 15 hailiwi yote kirahisi hivyo

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye ugomvi.

Mikataba mingi ya mtaani ina mstari unaosema "mnunuzi akishindwa kumaliza, fedha aliyotoa haitarudishwa". Muuzaji anausoma anafurahi. Lakini kifungu cha 74 cha ile Sheria ya Mikataba kinasema mkiwa mmetaja kiasi au adhabu kwenye mkataba, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kuridhisha isiyozidi kile kiasi. Yaani mlichoandika ni dari, na chini ya dari hiyo mahakama inaweza kuangalia ni nini kinachoridhisha. Na kifungu cha 73 kinakupa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, sio ya mbali, na kinaangalia pia kama kulikuwa na namna ya kuipunguza hiyo hasara.

Advansi ndogo ya kuonyesha nia, tuseme asilimia 10 ya bei na mkataba umesema wazi ni dhamana ya kutimiza ahadi, hiyo ni rahisi zaidi kuitetea ukiibakiza. Ila milioni 15 ndani ya 40 ni sehemu ya bei, na ukisema umeimeza yote utaulizwa umepata hasara gani ya milioni 15.

Tufanye hesabu. Umevunja mkataba kihalali, ukauza kwa mtu wa pili milioni 37. Umepoteza 3. Dalali wa pili umemlipa milioni 1 na laki 8. Notisi na wakili laki 4. Jumla hasara ni milioni 5 na laki 2. Toa kwenye 15, inabaki 9 na laki 8, hiyo ndo ya kumrudishia. Sasa kama ulimuuzia wa pili kwa milioni 45 kwa sababu barabara imepita, bei yenyewe haikukupa hasara yoyote, unabaki na gharama tu. Wauzaji hawapendi kusikia hivi, kuna mzee alinikatia simu kabisa, lakini ni bora uisikie kwangu kuliko kuisikia kwenye hukumu.

Na kukata mwenyewe bila makubaliano kuna hatari yake, jiandae kueleza kila shilingi na risiti. Hasara za namna hii, unazoweza kuzitaja kwa tarakimu, lazima uzitaje kwenye madai na uzithibitishe kwa karatasi. "Niliteseka sana nikapoteza mamilioni" hailipwi.

Akikuletea kidogo kidogo, angalia unavyopokea

Huu ni mtego wa kimya kimya. Muda umepita miezi miwili, mara meseji inaingia, umepokea Sh 2,000,000 kutoka kwake. Unashukuru Mungu unamjibu "nimeiona kaka asante". Kile kifungu cha 55 kinasema pale ambapo ungeweza kuuvunja mkataba kwa kuchelewa, ukapokea malipo nje ya muda, huwezi tena kudai fidia ya kule kuchelewa mpaka uwe umemjulisha wakati ule ule wa kupokea kwamba unakusudia kudai. Na zaidi ya fidia, kila ukipokea kimya unaonekana umemsogezea muda.

Sio kwamba usipokee. Pokea, halafu andika hapo hapo: "Nimepokea Sh 2,000,000 leo tarehe fulani. Imekuja nje ya muda wa mkataba. Nimeipokea bila kuacha haki yangu ya kudai fidia ya ucheleweshaji wala ya kuvunja mkataba. Salio ni Sh 23,000,000." Meseji moja, sekunde thelathini. Usiifute na usibadilishe simu bila kuhifadhi.

Notisi

Hii ndo moyo wa kila kitu. Siku 14 imezoeleka, 21 au 30 ni salama zaidi kama salio ni kubwa, na kama mkataba umetaja siku zake fuata hizo hizo. Unaweza kuandika mwenyewe ila ikitoka kwa wakili watu huwa wanaamka. Inakuwa hivi:

"Ndugu (jina kamili). YAH: NOTISI YA SIKU 21 YA KUKAMILISHA MALIPO. Rejea mkataba wetu wa mauziano wa tarehe (…) kuhusu kiwanja kilichopo (…) kwa bei ya Sh 40,000,000. Umelipa Sh 15,000,000. Salio la Sh 25,000,000 ulipaswa kulilipa kabla au ifikapo tarehe (…) na hadi leo hujalipa. Niko tayari kukukabidhi nyaraka zote na kusaini fomu za uhamisho mara utakapolipa. Nakupa siku 21 tangu kupokea notisi hii. Muda huu ni wa lazima. Usipolipa nitausitisha mkataba na kudai fidia bila kukupa notisi nyingine."

Ona ile sentensi ya "niko tayari". Usiiache, inaziba ule utetezi wa nyaraka niliousema. Na "muda huu ni wa lazima" ndo inayokusaidia kama mkataba wako ulikuwa na tarehe legelege, umempa muda wa kutosha na umemwambia wazi kwamba sasa hakuna kalenda nyingine.

Mpelekee mkononi asaini kopi yako. Akikataa kusaini, aliyepeleka aandike nyuma ya kopi tarehe, saa, mahali na shahidi aliyekuwepo, mjumbe akiwepo ni vizuri zaidi. Tuma nyingine kwa rejista ya posta kwenye anuani iliyo kwenye mkataba, na picha yake WhatsApp. Zote tatu, maana mtu aliyeingia mitini kazi yake ni kusema hakupata.

Siku zikiisha bila hela, ndo unaandika barua ya pili, ya kusitisha mkataba. Fupi: ulipewa notisi tarehe fulani, hukulipa, kuanzia leo mkataba umesitishwa, ondoa vifaa vyako, njoo tufanye hesabu ya fedha uliyotoa. Hiyo sentensi ya hesabu inakuweka vizuri sana mbele ya mwamuzi. Wengi wanaishia kwenye barua ya kwanza halafu wanadhani mkataba umejivunja. Haujajivunja.

Kama ameshaingia ndani

Kashusha mchanga, kachimba msingi, au mbaya zaidi amehamia kwenye nyumba na familia. Hapa usimtoe kwa nguvu. Usibomoe, usikate umeme, usibadilishe vitasa usiku, usilete vijana. Akikubali kuondoka kwa amani andikianeni makabidhiano, asiposikia tafuta amri ya mahakama au baraza. Ukibomoa msingi wa milioni 6 utakuwa umempa yeye kesi safi dhidi yako, na ya kwako itakaa pembeni ikisubiri.

Kama anaendelea kujenga wakati mnagombana, ukishafungua shauri omba zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha mpaka kesi iamuliwe. Masharti yake yanatoka kesi ya zamani ya Atilio na Mbowe ya mwaka 1969 na mpaka leo inanukuliwa: kuwe na hoja ya msingi ya kuamuliwa yenye dalili ya kushinda, uwe hatarini kupata hasara isiyofidika kirahisi, na usumbufu wa kukunyima uwe mkubwa kuliko wa kukupa.

Na kama kiwanja kina hati, fanya utafutaji kwa Msajili wa Hati. Kuna wanunuzi wajanja, hajamaliza kulipa lakini kashaweka kaveati kwenye hati yako, yaani pingamizi linaloandikishwa kwa Msajili, huwezi kuhamisha kwa mtu yeyote. Kaveati haimaanishi kiwanja ni chake, inaondolewa kwa maombi, ila ujue mapema kuliko kujulia kwa mnunuzi wa pili.

Unapeleka wapi

Polisi sio. Mtu kushindwa kulipa deni la mkataba ni madai, hata ukifungua jalada litakuja kufungwa, labda kama alikuletea hati bandia ya malipo ya benki, hiyo ni habari nyingine.

Mgogoro unaogusa umiliki au maslahi kwenye ardhi unaanzia kwenye usuluhishi Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena, linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa cheti, na siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kuendelea hata bila hicho cheti. Ukiruka hatua hii shauri lako linaweza kutupwa nje kabla hujasema neno.

Kutoka hapo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo linasikiliza mashauri ya kurudisha mali isiyohamishika yenye thamani mpaka Sh milioni 300, na mengine yanayohesabika kwa fedha mpaka milioni 200. Zaidi ya hapo Mahakama Kuu. Usiporidhika na baraza la wilaya likiwa limeamua kama baraza la mwanzo, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Kama unadai salio tu na hugusi umiliki, kuna hoja kwamba hilo ni deni la kawaida la mkataba na linaenda mahakama za kawaida. Mawakili wanabishana sana hapa na pingamizi za mamlaka zinawekwa kila siku, kwa hiyo hili usiamue mwenyewe nyumbani, lipia ushauri wa saa moja. Huna hela ya wakili, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo halmashauri nyingi.

Muda wa kudai kwa msingi wa mkataba ni miaka 6 tangu alipovunja, wa kurudisha ardhi ni miaka 12. Inaonekana mingi mpaka uone mtu anakuja na mkataba wa mwaka wa saba.

Ushahidi: mkataba halisi, risiti na miamala ya benki au M-Pesa, notisi na uthibitisho wa kupokelewa, mashahidi wawili watatu waliokuwepo. Meseji na WhatsApp zinapokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ila utatakiwa kuonyesha zilivyohifadhiwa na kwamba hazijachezewa, kwa hiyo ile simu yenyewe itunze, skrinishoti peke yake ni dhaifu.

Ukishinda unadai na riba ya hukumu, kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka mpaka amalize. Halafu kuna kukazia hukumu, ambako unatafuta mali zake zikamatwe. Kwa hiyo wakati kesi inaendelea fuatilia ana nini na kiko wapi, hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi nzuri tu.

Kama ulishasaini uhamisho

Ulimwamini ukasaini fomu, hati ikaenda jina lake, salio hajalipa. Hapa njia ya kurudisha kiwanja inakuwa nyembamba sana, kwa kiasi kikubwa unabaki mdai wa hela kama wadai wengine, mpaka uthibitishe udanganyifu. Wahi zuio kabla hajaweka hati benki. Akishakopea, unagombana na benki pia.

Kabla ya kumuuzia mtu wa pili

Kama mmemalizana kwa amani, andikeni hati ya kuvunja mkataba, nyote msaini na mashahidi wale wale wa mwanzo kama wanapatikana. Itaje alilipa kiasi gani, amerudishiwa kiasi gani na kwa njia gani, na kwamba hana dai lingine kwenye kiwanja. Mlipe kwa benki sio keshi. Chukua nakala yake halisi ya mkataba wa zamani, andikeni juu yake UMEVUNJWA na tarehe, msaini hapo hapo. Kaveati ikiwepo iondolewe kwanza. Mchanga na mawe yake mpe siku za kuyahamisha au myathamini myaingize kwenye hesabu, na hilo nalo liandikwe, maana nimeshaona watu waliomalizana milioni tisa wakarudi barazani kwa tripu mbili za mchanga.